Kuotea: Eneo na Kosa

Mpira unapopenyezwa nyuma ya mabeki katika Uwanja wa Kambarage, Shinyanga, au Nyankumbu kule Geita, jukwaa hutoa hukumu kabla ya mshika kibendera: "Ameotea huyo!" Neno ni moja, lakini Sheria ya 11 ya mpira wa miguu ina mambo mawili, na ugomvi mwingi wa majukwaani huzaliwa hapo.

Kuotea kwa asili ni kuvizia. Jina lilimfaa mshambuliaji anayeganda golini kungoja mpira, ndiye hasa aliyetungiwa sheria. Lakini mwamuzi haulizi nia. Anatazama kwanza mahali: pale mwenzake anapoucheza mpira, je, kichwa, kiwiliwili au mguu wa mshambuliaji umevuka mstari wa kati, tena uko karibu zaidi na mstari wa goli kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho? Mikono haihesabiwi. Hadi 1925 walitakiwa wapinzani watatu mbele yake, si wawili. Tangu 1990, aliye sambamba na huyo wa pili yuko salama. Kwa mshambuliaji kama George Mpole, mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2021/22 kwa mabao 17 akiwa na Geita Gold, hatua moja hapo ni riziki.

Wengi husema "beki wa mwisho", na kauli hiyo hupotosha siku kipa anapotoka golini, kwa sababu kipa naye huhesabiwa kati ya wapinzani hao. Juni 11, 2010, mjini Johannesburg, Carlos Vela wa Mexico alifunga dhidi ya Afrika Kusini, bao likakataliwa. Watu walishangaa, maana kulikuwa na mchezaji wa Afrika Kusini karibu na mstari wa goli. Lakini kipa Itumeleng Khune alikuwa ametoka, kwa hiyo nyuma alibaki mpinzani mmoja tu. Mwamuzi alikuwa sahihi.

Jambo la pili ni kosa, na hapa ndipo wengi hupotea. Kuwa mahali pale peke yake si kosa. Linakuwa kosa mshambuliaji akiucheza mpira aliopigiwa, akimziba kipa asione, akigombea mpira na mpinzani, au akinufaika na mpira uliogonga mwamba au kuokolewa na kipa. Anayerudi taratibu, akamwachia mpira mwenzake aliyetokea nyuma, hana hatia, hata jukwaa zima lipige mbinja. Mpira ukimfikia moja kwa moja kutoka kurushwa, kona au golikiki, kosa halipo kabisa.

Wapo wanaopendelea kusema ofsaidi. Mimi nabaki na kuotea, kwa sababu kila mtu uwanjani analielewa. Linachohitaji ni kuongezewa neno tu. Watangazaji wetu wa redio, semeni "yuko eneo la kuotea" mchezaji anapokuwa pale, na "kosa la kuotea" likitokea. Msikilizaji wa Mwadui au Katoro asiyeuona uwanja atajua kwa nini kibendera kimebaki chini.