Kabla ya Kizazi Moto, Kulikuwa na Spear na Lodi Lofa

Hapa Mkonze wapenzi wa mashujaa wa katuni bado tunabishana juu ya Kizazi Moto, ule mkusanyiko wa filamu fupi kumi uliotoka Disney+ Julai 2023. Jina ni Kiswahili kitupu. Lakini hesabu nchi za watengenezaji: Afrika Kusini, Nigeria, Kenya, Uganda, Zimbabwe na Misri. Tanzania haimo! Washikaji wana jibu la haraka: eti sisi hatujawahi kuwa na mashujaa wa kwenye karatasi, tungepeleka nini? Hapo ndipo ninapokataa.

Turudi nyuma kidogo, msomaji. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa mijini Afrika Mashariki walikuwa wakimgombania Lance Spearman, au Spear kwa kifupi, katika gazeti la African Film. Huyu hakuchorwa. Alipigwa picha, moja baada ya nyingine, na maneno yakawekwa humo humo. Kofia, tai ya kipepeo, sigara nene mdomoni. Haruki angani wala hatoi moto machoni. Ana ngumi, bastola na akili, basi. Na gazeti hilo lilitengenezwa na kampuni ya Drum ya Afrika Kusini, chini ya makaburu. Jore Mkwanazi, aliyemwigiza, aliishi katika nchi ambako Mwafrika alidaiwa pasi kila kona, huku Spear wake akiendesha gari la kifahari kama mwenye mji. Sisi tuliokwisha kujitawala ndio tuliokuwa tukinunua ndoto yake.

Bongo haikukaa ikitazama tu. Faraji Katalambulla, yule yule wa Simu ya Kifo (1965), aliuchukua mtindo huo akatoa Film Tanzania, hadithi za picha kwa Kiswahili chetu.

Halafu likaja Sani, jina lililounganishwa kutoka kwa waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986, alituachia watu ambao wazee wetu wanawataja mpaka leo kama majirani: Ndumilakuwili, Madenge, Dk. Love Pimbi. Na Lodi Lofa je? Jina lenyewe linamaliza kazi: lodi, tena lofa. Utasema hao si mashujaa. Bwana wee, mtu aliyeshinda kwenye foleni ya sukari miaka ile ya 1980 angemwamini nani: anayepaa juu ya maghorofa, au anayeipata sukari bila kupanga foleni? Hiyo ndiyo ilikuwa nguvu ya ajabu.

Wakati huo wenzetu wa Marekani walikuwa wakituchora kwa mbali. Storm wa X-Men alitokea mwaka 1975. Mama yake binti wa kifalme wa Kenya, mwenyewe akiabudiwa kama mungu kwenye nyika za Serengeti. Serengeti! Ugomvi wetu na majirani juu ya Kilimanjaro ni mdogo ukiulinganisha na huu.

Sasa Kizazi Moto kwa macho yangu. Herderboy ya Raymond Malinga wa Uganda ndiyo iliyonikaa: mchunga ng'ombe ndiye shujaa, na Mgogo hahitaji mkalimani wa jambo hilo. Enkai ya Ng'endo Mukii wa Kenya inapendeza macho kuliko zote. Ninachokosa humo ni lofa, mtu asiye na kipaji wala asili ya kimungu, anayepona kwa mdomo wake tu.

Ningepewa ya kumi na moja, ningeiweka mwaka 1983, Sokoine akiwasaka wahujumu uchumi na watu wakitupa mali usiku. Ndumilakuwili ana magunia sita ya sukari chini ya kitanda. Anamfuata Lodi Lofa, anamwambia amtunzie hadi asubuhi.