Sindano ya Miezi Mitatu

Ukimuuliza shosho alizaa wangapi na akujibu wanane, usishtuke. Mwishoni mwa miaka ya 1970 huo ndio ulikuwa wastani wa Kenya nzima. Na serikali ilikuwa na mpango wa uzazi tangu 1967, kati ya ile ya kwanza kabisa Afrika kusini mwa Sahara! Miaka kumi baadaye, kati ya wanawake 100 walioolewa, ni kama 7 tu waliokuwa wanatumia njia yoyote ya kupanga.

Shida ilikuwa nini? Wataalamu wa Population Council walitoka New York mwaka 1965, wakashauri, mpango ukaandikwa Nairobi, halafu ukakaa kliniki ukimngoja mama aje. Kuja kwenyewe ni kutembea kilomita kadhaa na kupiga foleni mbele ya majirani. Uvumi nao haukukosa. Maziwa ya Nyayo yalipofika shuleni, kuna walionong'ona kwamba yametiwa dawa ya kuzuia uzazi. Leo tunacheka, lakini watu waliotoka kutawaliwa juzi tu walikuwa na haki ya kuuliza mbona mgeni anahesabu watoto wao.

Miaka ya 1980 mambo yalianza kusonga. Akina mama wa Maendeleo ya Wanawake walibeba vidonge na kondomu hadi vijijini, na 1987 redio ikaanza mchezo wa Ushikwapo Shikamana. Mashamba yalikuwa yamegawanywa hadi yakabaki vipande, na karo ya shule haikuwa mchezo. Hotuba za wakubwa sidhani zilifanya kazi kubwa hivyo. Mwanamke alimsikiliza mwenzake sokoni.

Halafu kukawa na sindano. Kidonge ni cha kila siku, na mzee akikipata chini ya godoro, hiyo ni kesi. Sindano unadungwa mara moja, miezi mitatu, na hakuna cha kuficha. Kufikia 2003 ilikuwa ndiyo njia inayotumika zaidi nchini.

Mwaka 2022 wastani ulikuwa umeshuka hadi watoto 3.4. Ripoti zinauita ufanisi, na ni ufanisi kweli. Ila sehemu yake imejengwa juu ya siri, kwa sababu kwa sehemu kubwa mpango uliongea na mke, mume akaachwa nje. Sindano ikivuruga hedhi, damu ikatoka wiki mbili mfululizo, huyo mama hakuwa na mtu wa kumwambia nyumbani.