Soraya Yuko Ukambani, na Ana Barua ya Chifu

Wasee, nikisema "mbaya wa telenovela" unamuona nani? Mimi namuona Soraya Montenegro wa María la del Barrio, ile ya Mexico ya 1995. Anaanguka dirishani, kila mtu anajua amekufa, halafu anarudi na roho mbaya kuliko ya kwanza. Hata kama hujaitazama, umeona memu yake akimfokea yule msichana wa kiti cha magurudumu. Na katikati ya fujo yote kuna siri ya damu: María alimpa mtu asiyemjua mtoto wake mchanga, na kijana akakua bila kujua mamake ni nani.

Stori yenyewe haikuwa mpya. Televisa walikuwa wameshaitoa 1979 kwa jina Los ricos también lloran. Mchezo ni uleule: kuna mtu anajua ukoo wa kweli, anaunyamazia, na kimya chake kina faida. Na sisi tunaupenda. Citizen TV ilipoanza kuonyesha Maria yetu 2019, kuna nyumba ambazo ugali uliungua.

Lakini susu yangu wa Makueni hakuwa anashtuka. Siri ikifichuka, sisi tunapiga nduru, yeye anaendelea kuchambua ndengu. Siku moja nikamuuliza, "Susu, kwani wewe hushangai?"

Akaniambia, "Nishangae nini, mjukuu wangu? Huko kwao wanaficha mtoto ni wa nani. Hapa kwetu tulijua sote. Kilichofichwa ni karatasi."

Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa anaongea juu ya iweto.

Kama umekulia Nairobi na Kikamba chako ni cha salamu tu, iweto ni hivi. Katika mila ya Wakamba, mwanamke ambaye hakujaliwa watoto, au hana mtoto wa kiume, angeweza kuoa mwanamke mwingine. Anapeleka mbuzi za ntheo kama mwanamume yeyote anayeoa, wazee wanakaa, wanashuhudia. Yule anayeolewa ndiye iweto. Hii haikuwa ndoa ya mapenzi baina yao, ilikuwa ya kuendeleza nyumba. Iweto anazaa na mwanamume, lakini watoto wanahesabiwa wa boma lile, wanabeba jina la pale, wanarithi shamba la pale. Baba wa damu hana dai.

Umeona tofauti na Soraya? Telenovela inaanza na siri na kuishia na ukweli mbele ya watu wote. Iweto ilianza mbele ya watu wote. Mbuzi haziwezi kupita kijijini usiku kama bangi.

Sasa siri ikatoka wapi? Ikatoka kwa shamba kupewa namba. Sheria ya kupima na kuamua nani mwenye ardhi ilipitishwa 1968, kamati za wenyeji zikakaa, na majina yakaandikwa. Mara nyingi jina lilikuwa moja, la mwanamume. Halafu Sheria ya Urithi, iliyoandikwa 1972, ikaanza kutumika Julai 1981. Kuanzia hapo, mwenye shamba akifa, familia inatakiwa kwenda kortini na barua ya chifu inayotaja warithi. Ombi linatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi anapewa siku 30.

Kipande cha mbaya wetu ndicho hicho. Hahitaji sumu wala kusukuma mtu dirishani. Anahitaji tu orodha ambayo imeruka majina matatu. Shemeji anasema, "Hao? Hao walikuwa wafanyakazi wa marehemu mama." Watoto waliozaliwa pale, waliochimba mitaro pale, wanageuzwa wageni kwa kalamu. Na nani pale kijijini anasoma Gazeti Rasmi?

Tusiwe na macho ya huruma upande mmoja tu, lakini. Mila yenyewe ilikuwa na makali. Iweto mara nyingi alitoka familia maskini, na sina hakika kila mmoja aliulizwa anataka nini. Ilijengwa pia juu ya wazo kwamba nyumba bila mvulana si nyumba. Katiba ya 2010 imekataa ubaguzi wa kijinsia kwenye ardhi, na Kifungu cha 45 kinazungumzia kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Kwa hivyo kuna watu watakuambia iweto imeisha, hakuna cha kujadili.

Si rahisi hivyo. Katiba hiyohiyo inalinda utamaduni, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya wanawake wawili ya mila ya Wanandi katika kesi ya urithi. Sheria ya Urithi nayo inawatambua watoto ambao marehemu aliwachukua kama wake na kuwalea hadi kifo chake. Na Kifungu cha 76 kinasema hati ya kusimamia mirathi inaweza kufutwa wakati wowote ikiwa ilipatikana kwa uongo au kwa kuificha korti jambo muhimu. Wakati wowote, wasee. Soraya wa Kitui anaweza kulala na hati chini ya mto na bado asiwe salama.

Unaweza kubishana na iweto kama mila, hata mimi nabishana nayo. Lakini hao watoto hawakuandika mila. Walizaliwa ndani yake, kijiji kikala mbuzi na kukubali. Kijiji hichohicho hakiwezi kusahau leo kwa sababu bei ya ploti imepanda.

Shida ni kwamba mashahidi wa zile mbuzi ni wazee wa miaka themanini, na hawaongezeki. Kwa hivyo ukienda Kitui au Makueni Disemba hii, zima simu jioni moja. Muulize susu nani alioa nani, nani alishuhudia, mbuzi zilikuwa ngapi. Andika majina yote, hata yale yanayofanya mjomba akohoe.

Akikohoa sana, hapo andika mara mbili.