Barua ya Askari kwa Mchumba Wake: Kiswahili kati ya Kambi na Nyumbani nchini Uganda, 1939–1946

Ikisiri

Makala hii inafuatilia safari ya barua ya mapenzi ya askari wa Uganda katika Vita vya Pili vya Dunia, tangu inapoandikwa katika siku za ruhusa hadi inaposomwa kijijini. Hoja yake ni kwamba Kiswahili kilipata upole wa kutosha miongoni mwa askari, lakini upole huo haukufika nyumbani kwa lugha hiyo. Historia hiyo inawahusu wanaopanga sera ya Kiswahili nchini Uganda leo.

1.0 Utangulizi

Kila ninapoanza kufundisha darasa jipya la Kiswahili hapa Kampala, huwauliza wanafunzi neno la kwanza la lugha hii walilolisikia utotoni. Majibu hayatofautiani sana: lete, toka, simama, lala chini. Ni maneno ya kizuizi cha barabarani na ya mtu mwenye bunduki. Ni nadra mwanafunzi kutaja neno alilobembelezewa.

Hali hii kwa kawaida huelezwa kwa kurejelea utawala wa Idi Amin, aliyejiunga na jeshi la King's African Rifles (KAR) mwaka 1946, na ambaye serikali yake ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yanaanzia katikati ya hadithi. Makala hii inarudi nyuma kidogo, kwa askari wa kawaida aliyepewa siku chache za mapumziko vitani, akatafuta karatasi na kumwandikia mchumba wake.

2.0 Askari na lugha ya kambi

Uganda ilitoa askari zaidi ya 70,000 katika vita hivyo. Kikosi chake cha zamani, batalioni ya nne ya KAR, kilikuwa na makao Bombo, kaskazini mwa Kampala. Mwaka 1942 kilikuwa miongoni mwa vikosi vya Afrika Mashariki vilivyopelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Mwaka 1944, kikiwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kilipita katika bonde la Kabaw nchini Burma, kwenye mvua, matope na malaria, kuelekea mto Chindwin.

Mwacholi, Mlango, Mteso na Mganda walipokutana katika safu moja, na kuungana na wenzao wa Kenya na Tanganyika, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Wengi walijifunza lugha hiyo ukubwani, na aina waliyoanza nayo ilikuwa ile iliyoitwa KiKAR: Kiswahili kilichopunguzwa upatanisho wa kisarufi, chenye vitenzi vingi vya amri na maneno machache ya kumweleza mtu hali ya moyo.

Hata hivyo, lugha ya amri haiwezi kubaki ya amri tu pale watu wanapokula, kuugua na kuzikana pamoja. Jeshi lenyewe lilichapisha magazeti ya Kiswahili, likiwemo Askari, na Heshima kwa ajili ya waliokuwa Asia, na likaanzisha kikosi cha elimu kilichofundisha kusoma na kuandika. Kwa hiyo kufikia mwaka 1944, askari aliyeingia jeshini akijua "kushoto geuka" huenda alikuwa tayari anatumia lugha hiyohiyo kuulizana habari za nyumbani na wenzake.

3.0 Siku za ruhusa

Ruhusa ya askari aliyekuwa Asia haikuwa lazima ruhusa ya kurudi kwao. Meli zilikuwa chache na bahari ilikuwa ya hatari. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, na watu 1,297 wakapoteza maisha. Basi kwa wengi ruhusa ilimaanisha siku kadhaa nyuma ya mstari wa mapigano: kufua nguo, kulala, na kupata nafasi ya kuandika.

Barua ya namna hiyo ilikuwa na wasomaji wengi kabla ya kumfikia mwenyewe. Asiyejua kuandika alimwomba mwenzake amwandikie, na maneno ya siri yalipita kinywani mbele ya mtu wa pili. Mkaguzi wa jeshi alikuwa wa tatu, na kwa kuwa kutaja mahali kilipo kikosi kulikatazwa, askari hakuweza kumwambia mchumba wake hata jina la mto uliokuwa mbele yake. Kijijini, kama mpokeaji naye hakusoma, mwalimu au katekista alikuwa wa nne. Mapenzi yaliyopita mbele ya watu wote hao yalihitaji lugha ya heshima, ya mafumbo na ya kanuni.

Kiswahili kilikuwa na kanuni hizo. Ufunguzi wa barua uliozoeleka katika Afrika Mashariki husema kwamba mwandishi ni mzima, na hofu ni kwako wewe uliye mbali. Kwa mwanaisimu, fungu hilo dogo lina uzito. Kitenzi "uliye" ni kirejeshi ambacho amri ya kijeshi haikihitaji. Anayesema "wewe uliye mbali" amekwisha kutoka katika sarufi ya KiKAR, kwani hampi mtu agizo, bali anautaja umbali na kukiri kwamba unamtia hofu.

4.0 Lango la nyumbani

Barua iliyofika Mombasa kwa njia ya bahari ilisafiri kwa reli, ambayo ilikuwa imefika Kampala mwaka 1931. Hapo ndipo Kiswahili kilipokuta mpaka wake. Gavana William Gowers alikuwa amependekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala wa Uganda. Kabaka Daudi Chwa alipinga hadharani mwaka 1929, na viongozi wa makanisa nao walikuwa na mashaka yao. Upinzani huo haukuwa chuki tupu; Buganda iliogopa kupoteza lugha yake, na pia kufungwa katika muungano wa Afrika Mashariki uliotawaliwa na maslahi ya walowezi wa Kenya. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba lugha ikabaki kwa polisi na wanajeshi, na msichana aliyesoma shule ya misheni akasoma kwa Kiganda au kwa lugha nyingine ya kwao.

Askari aliyetaka kueleweka na mchumba wake, kwa hiyo, alikuwa na sababu zote za kumwandikia kwa lugha ya mama. Kiswahili kilimsaidia kumweleza mwenzake kambini jinsi anavyomkumbuka. Kumbukumbu yenyewe ilifika kijijini kwa Kiganda, Kiacholi au Kiteso. Hapa ndipo hoja yangu ilipo: mgawanyo wa lugha ulikuwa pia mgawanyo wa kijinsia. Mwanamume alikiishi Kiswahili kama lugha ya urafiki na ya msiba, huku mwanamke akikijua kwa nje tu, kama sauti ya aliyevaa sare.

Inaweza kupingwa kwamba familia zilizoishi kambini zilikuwa na Kiswahili jikoni. Ni kweli, na mfano huo unaithibitisha hoja: pale lugha ilipowafikia wanawake na watoto, ilipata maisha ya kawaida. Nje ya uzio wa kambi haikupewa nafasi hiyo, na askari walipoachishwa kazi baada ya vita walirudi kwenye nyumba ambazo hazikuwa na wa kuzungumza naye.

5.0 Hitimisho

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha hatua ya kukitumia kama lugha rasmi. Hatari iliyopo ni kurudia njia ileile: kuanza na vyombo vya dola, kisha kushangaa wananchi wanapokikwepa.

Makala hii inapendekeza mambo mawili. Kwanza, barua za vita zilizosalia katika familia zikusanywe kwa ridhaa ya wenyewe, katika lugha zote zilizoandikwa, kabla wanaozikumbuka hawajaondoka. Pili, ufundishaji uanze na Kiswahili cha nyumbani: salamu, pole, barua, bembea ya mtoto. Kiswahili hakikukosa maneno ya mapenzi nchini Uganda. Kilikosa mtu wa kuyapokea kwa lugha hiyo, na huyo bado anaweza kupatikana.