Vipimo vya Maji ya Tana: Tangu Mfereji wa Belezoni Hata Kompyuta

Mto Tana, ulio mrefu kupita mito yote ya Kenya, na ambao maji yake huteremka kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare takriban kilomita 1,000 kupitia nyika za Garissa na mashamba ya Wapokomo, hukutana na Bahari ya Hindi hapo Kipini. Lakini mlango huo si mlango wake wa asili, kwani hapo zamani maji yake yaliingia baharini mbali zaidi upande wa kusini, na uliopita Kipini ulikuwa Mto Ozi peke yake. Katika karne ya 19, zama za usultani wa Witu, ulichimbwa mfereji wa Belezoni ili kuiunganisha mito hiyo miwili, mitumbwi ipate kuteremsha mazao ya bara hadi Kipini. Na mfereji huo, uliokusudiwa vyombo vidogo tu, ukapanuliwa na gharika moja baada ya nyingine, hata mto wenyewe ukaihama njia yake ya kale. Waliouchimba hawakuwa na hesabu ya kuwaonya kwamba walikuwa wakiuhamisha mto mzima.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba watu wa zama hizo hawakuwa na elimu ya maji. Wakulima wa mpunga wa Ozi walijua, na wanajua hata leo, kwamba bahari ijaapo wakati wa bamvua huyasukuma nyuma maji matamu ya mto, yakapanda juu ya kingo na kuingia mashambani. Na walijua kwamba mto ukipungua nguvu, maji ya chumvi ndiyo yatakayopanda badala yake. Elimu hiyo ilipokewa kwa wazee, ikathibitishwa kila msimu, wala hapakuwa na mtu aliyeihodhi, kwa kuwa mto uliomlisha huyu ndio uliomlisha jirani yake.

Baadaye wakaja wageni walioandika: ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, ambao mmoja wao, Clemens, aliupanda mto mwaka 1878, kisha Dundas, aliyeupanda kwa meli ya moshi iliyoitwa Kenia mwaka 1891, akiitumikia kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni nayo ikaifanya Kipini makao ya utawala wa wilaya, na hesabu za maji zikaanza kuwekwa katika majalada. Kituo kilichokuja kutegemewa kuliko vyote, hata hivyo, kilikuwa Garissa, mamia ya kilomita juu ya delta. Na tangu hapo watu wa mlangoni pa mto wakawa wanahukumiwa na tarakimu zilizoandikwa mbali nao, wasizoziona.

Umuhimu wa tarakimu hizo ulidhihirika yalipojengwa mabwawa ya umeme huko juu: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mwaka 2002 wataalamu John Maingi na Stuart Marsh walilinganisha rekodi za Garissa za kabla na baada ya Masinga, wakaonyesha kwamba kilele cha maji cha mwezi wa Mei kilikuwa kimeshuka. Lile ambalo mkulima alilisema kwa miaka mingi akahesabiwa kuwa mlalamishi, sasa lilisemwa na daftari.

Lakini kujua maji yaliyopita Garissa si kujua yaliyofika Ozi. Kwa sababu hiyo Crystele Leauthaud, Stéphanie Duvail, Olivier Hamerlynck na wenzao walitunga modeli ya kompyuta, wakaieleza mwaka 2013 katika jarida ambalo mtu yeyote aweza kulisoma bure katika intaneti. Modeli hiyo huyachukua maji yaliyopimwa Garissa, ikaongeza mvua, ikatoa yanayopaa kwa joto na yanayomwagika baharini, kisha ikakadiria ardhi iliyofunikwa. Na makadirio hayo hulinganishwa na picha za setilaiti ambazo shirika la NASA la Marekani huzitoa kwa watu wote bila malipo. Picha hizo zina upungufu wake, maana mawingu huuficha mto siku zile zile za mafuriko. Na hapo vipimo vya ardhini havina badali.

Basi historia hii yatufundisha kwamba kipimo cha maji ni amana, na amana haifungiwi kabatini. Anayepima juu ya mto hupima riziki ya aliye chini yake, na kumnyima hesabu ni sawa na kumnyima haki ya kusema katika shauri linalomhusu. Wala haitoshi hesabu iwekwe wazi kwa lugha ya wataalamu pekee. Yapasa imfikie mkulima wa Ozi kwa Kiswahili au Kipokomo, kabla hajapanda mbegu. Na kwa kuwa bwawa kubwa zaidi, la High Grand Falls, limekusudiwa kujengwa katika mto huo huo, ni wajibu wa wenye mamlaka kuziweka hadharani tarakimu na modeli zote kabla jiwe la kwanza halijawekwa, ili watu wa Kipini wazikague, wazijibu, na jibu lao liandikwe pamoja nazo.