Kulasitara na Kirukanjia katika Dini ya Misri ya Kale

Wamisri wa kale waliwahusisha na jua wanyama wawili wasiofanana hata kidogo: kulasitara, ndege mrefu wa kandokando ya Nile, na kirukanjia, mnyama anayetoshea kiganjani. Kulasitara alikuwa wa mapambazuko, kirukanjia wa giza.

Ndege huyo aliitwa bennu, na makao yake yalikuwa Heliopolis, mji wa mungu jua. Anatajwa katika Maandiko ya Piramidi, yaliyochongwa zaidi ya miaka 4000 iliyopita. Wachoraji wa Ufalme Mpya walimpa umbo la kulasitara wa kijivu, pamoja na manyoya mawili marefu ya kisogoni ambayo ndege huyo anayo kweli. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus, katika karne ya 5 KK, alisimuliwa kuhusu ndege wa Heliopolis anayerudi kila baada ya miaka 500, akakiri kwamba alimwona pichani tu. Ndege anayemweleza, mwekundu na wa dhahabu, mkubwa kama tai, si kulasitara hata kidogo.

Kirukanjia alichorwa kwa nadra, lakini mwili wake ulitunzwa. Huko Letopolis, karibu na Kairo ya leo, aliwekwa chini ya Horus wa mji huo, mungu ambaye nyakati fulani hukosa macho. Kirukanjia alisimama upande wa upofu wa mungu huyo, na nguchiro upande wa kuona. Mwandishi Mgiriki Plutarch aliandika kwamba Wamisri walimtukuza kirukanjia kwa upofu wake, kwa kuwa waliona giza limetangulia nuru. Kwa kweli si kipofu. Macho yake ni madogo tu. Tangu karne ya 7 KK hadi enzi ya akina Ptolemy, miili yake ilikaushwa, ikafungwa sanda na kutiwa katika visanduku vya mbao, mawe au shaba nyeusi, juu yake sanamu ya mnyama mwenyewe, pua imechongoka. Huko Quesna, katika Delta, alizikwa pamoja na vipanga.

Miili hiyo ndiyo iliyowapa wanasayansi kazi. Mwaka 1827 Isidore Geoffroy Saint-Hilaire alimpa jina Crocidura religiosa kirukanjia aliyetoka makaburi ya Thebes, na spishi hiyo bado inaishi bondeni mwa Nile. Kwa upande wa bennu, mifupa ya kulasitara mkubwa kuliko wote wa leo ilipatikana Umm an-Nar, Abu Dhabi, naye akaitwa Ardea bennuides. Wapo waliomdhania kuwa chanzo cha bennu, ingawa wachoraji hawakuhitaji kwenda mbali hivyo: kulasitara wa kijivu alikuwa mtoni kwao. Yule wa Abu Dhabi ametoweka.