Kisukari cha ujauzito humwandama mama hata baada ya kujifungua

WANAWAKE wengi wanaopatikana na kisukari wakiwa wajawazito hudhani maradhi hayo huisha pindi mtoto anapozaliwa. Dhana hiyo ina msingi, kwani homoni za kondo la nyuma ndizo huzuia insulini kufanya kazi ipasavyo. Kondo likishatoka, sukari kwa kawaida hushuka.

Hata hivyo, kongosho lililoshindwa kuhimili mzigo wa mimba huenda likashindwa tena umri na uzani wa mama vinapoongezeka.

Madaktari wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Mnamo 1964, John O'Sullivan na Claire Mahan wa Boston, Marekani, walichapisha viwango vya sukari vilivyotokana na vipimo vya wajawazito 752. Ajabu ni kwamba viwango hivyo vilikusudiwa kubashiri mama yupi angeugua kisukari baadaye, wala si kumlinda mtoto.

Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2009 ulionyesha kuwa hatari ya wanawake hao kupata kisukari cha aina ya pili ni angalau mara saba ya wenzao. Mwaka 2019, uchambuzi mwingine ulibaini kuwa hatari ya maradhi ya moyo na kiharusi huwa karibu maradufu, na huongezeka hata kwa wale ambao hawakupata kisukari tena.

Ndiposa mama hushauriwa kupimwa upya kati ya wiki ya 4 na ya 12, kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu maishani. Hulala bila kula, akanywa maji yenye gramu 75 za glukosi, na damu ikapimwa saa mbili baadaye. Si jambo rahisi kwa anayenyonyesha.

Nchini Kenya, mtoto hupelekwa kliniki kwa chanjo akiwa na wiki 6. Hiyo ni fursa ambayo haifai kupotea: mama na amkumbushe muuguzi kuhusu sukari yake, hata asipoulizwa.

Kunyonyesha, kupunguza uzani uliozidi na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki, hupunguza hatari hiyo. Anayetaka mtoto mwingine apimwe kabla ya kushika mimba, kwani karibu nusu ya akina mama hao hurudiwa na kisukari katika ujauzito unaofuata.